Delbert Tiedemann na Tuta la Pruett, 1934–2008

Marehemu Delbert Otto Tiedemann alizaliwa tarehe 11 Machi 1934 hapa Pruett, Iowa, katika nyumba inayotazamana na mto Mississippi. Baba yake, Otto, alikuwa akikata vifungo vya mashati kutoka kwenye makombe ya kome wa mtoni. Mji mzima uliishi kwa kome hao, mpaka tulipowavua wakaisha.

Alisoma shule ya Kilutheri, akamaliza sekondari mwaka 1952. Kiwanda cha vifungo kilipofungwa aliajiriwa kwenye ghala la nafaka, ambako mahindi hupakiwa kwenye matishali, zile mashua bapa za mizigo, akapanda hadi kuwa meneja.

Tarehe 14 Juni 1958 alimwoa Arlene Vogt, akamzawadia blauzi yenye vifungo alivyokata mwenyewe.

“Delbert,” Arlene alimwambia mbele ya wageni, “hivi viwili haviingii tunduni. Unataka nitembee kifua wazi?”

Hata hivyo aliivaa mpaka ikachakaa.

Mwaka 1993 mto ulifurika. Tulikuwa tumepatana na wenzetu wa Sable Bend, ng’ambo, kwamba matuta ya udongo ya kuzuia mto, yetu na yao, yawe na kimo kimoja, na mto uamue wenyewe. Jumapili, tarehe 11 Julai, baada ya ibada, Delbert, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya tuta, aliagiza tuongeze safu mbili za magunia ya mchanga.

“Tuliwapa neno letu,” jirani yake Wendell Krug alimwambia.

“Neno halizuii maji, Wendell. Ghala likizama tutakula nini? Beba gunia, au nenda kawasaidie akina mama kupaka mikate siagi.”

Watu walicheka. Wendell akabeba. Mji wote ulibeba.

Jioni maji yalipita juu ya tuta lao, ambalo sasa lilikuwa fupi kuliko letu, yakamwagikia upande wao. Sable Bend ilipoteza nyumba, kanisa na mashamba, na wengi hawakurudi tena. Pruett ilimwandalia Delbert gwaride, ikachonga jina lake kwenye jiwe juu ya tuta. Hakuhudhuria. Siku hiyo alikuwa ng’ambo, Sable Bend, mlangoni kwa Bi. Irma Stoltz, ambaye nyumba yake ilikuwa imejaa matope.

“Umekuja kutazama kazi yako, Bwana Tiedemann?”

“Ndiyo, Mama. Naomba koleo.”

Alizoa matope mpaka giza likaingia, akarudi kila Jumamosi.

Kila mwaka alisimama kwenye mkutano wa mji akaomba twende tukaombe radhi, na lile jiwe ling’olewe. Kila mwaka alijibiwa: “Kaa chini, shujaa wetu, kahawa inapoa.” Jiwe lingalipo.

Aliugua moyo tangu 2006, akafariki nyumbani tarehe 9 Oktoba 2008. Aliniagiza mimi, mpwa wake, niyasome haya bila kuyalainisha.

Ameacha mjane, Arlene. Watoto wawili, Marlys na Royce. Na wajukuu watano. Kwa agizo lake, Bi. Irma Stoltz ameketi leo benchi la kwanza la kanisa hili, mwanzoni kabisa. Kila atakayekwenda kumpa mjane mkono wa pole atampita yeye kwanza.

Delbert na apumzike. Yeye aliomba radhi. Sisi bado.