Wagiriki Wawili wa Mzee Taddeo

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, waheshimiwa madaktari wa sheria, ndugu wachapaji mliofunga karakana mapema, mabibi na mabwana wa Ferrara:

Mzee Taddeo Sgarbi anastaafu leo, baada ya kuwafundisha Kilatini karibu wote tuliomo humu ukumbini. Nani kati yetu hakuchapwa naye? Nani hakuambiwa, "We kijana, usiniletee maneno yako, niletee ya wakale, Wagiriki na Warumi!" Basi tukachota misemo ya wakale, tukaipanga kwa mada, hasira huku, urafiki kule, kisha tukaipachika kila mahali, hadi kwenye barua za kuomba jibini nyumbani.

Na mezani kwake sheria mnaijua: ukirushiwa msemo wa kale, ujibu kwa msemo wa kale, la sivyo unyamaze ule samaki wako, yule mkunga mrefu kama nyoka.

Mezani hapo ndipo nilipomposa binti yake, Isotta, nami nikiwa mwalimu mchanga wa chumba cha kupanga. Mzee akafuta mdomo, akamtaja Mgiriki mmoja aliyekataza katakata kumwoza binti kwa mwalimu asiye na nyumba. Nikanyamaza, nikala mkunga. Majira yote ya baridi nilipekua vitabu nimjue huyo Mgiriki, nipate pa kumjibia. Wapi! Nikakonda. Nilimpenda yule msichana, waheshimiwa, na nilikuwa nanyang'anywa na marehemu!

Isotta akanihurumia. Akanivuta pembeni kanisani: "Annibale, unahangaika nini? Huyo Mgiriki ni baba. Nilimsikia akimtunga jikoni."

Alaa! Jumapili iliyofuata nikakohoa, nikamleta Mgiriki wangu, mkongwe kuliko wake, aliyewasifu sana walimu wasio na nyumba.

"Huyo umemsoma wapi?" akauliza Mzee.

"Kwenye kitabu kile kile ulichomsoma wako, mwalimu."

Akimkana wangu, wake naye anaumbuka. Akamtazama binti yake, kisha akaita jikoni, "Mwongezeeni kijana mkunga."

Juzi nimewakuta Wagiriki wetu wote wawili wamenukuliwa katika kitabu cha msomi mmoja wa mbali, kwa heshima zote. Mwalimu, tumwambie? Naona anatikisa kichwa. Haya, waishi.

Siku ya harusi alinikumbatia, akaninong'oneza, "Mgiriki wako mwongo kama wangu. Karibu nyumbani, mwanangu." Hata hivyo, mbele za watu nimeendelea kumwita mwalimu. Leo ualimu umekwisha, na neno hili sikulichota kwa mkale yeyote: asante, baba.

Nanyi asanteni kwa kunivumilia. Mikunga inapoa.