Nilimpita Mke Wangu Barabarani

Wapendwa, mniwie radhi nikishika hii meza ya mbele. Si woga. Ni macho, na ushuhuda wangu ndio huo.

Wengi mnanijua kama yule mtu wa baiskeli. Ndiye mimi. Jumamosi nilikuwa naamka alfajiri, navaa ile kaptura ya kubana ambayo akina mama wa kwaya walisema ni nguo ya ndani, halafu naungana na wenzangu pale madukani Adams Arcade. Tunapanda Ngong Road hadi mtaa wa matajiri, Karen, tunarudi na jasho na majigambo. Siku za kazi naendesha hadi ofisini Hurlingham, jioni nakimbia. Ndugu zangu, nawaambia, karani kama mimi akiyapita magari yaliyokwama kwenye foleni, anajiona mfalme!

Kisha jicho la kushoto likaanza kufifia, polepole, kutoka pembeni. Daktari akaniambia ni presha ya macho, na la kulia nalo limeguswa. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa. Akanikataza baiskeli. Nikaitikia, "Sawa, daktari," nikatoka nje, nikavaa helmeti, nikaendesha hadi nyumbani. Mnacheka? Chekeni tu, nilikuwa mjinga. Dawa yenyewe niliificha kwenye kibegi cha vifaa vya pancha.

Nyumbani sikusema neno. Barabara nilikuwa nimeikariri, mashimo na matuta yote, nikadhani hiyo inatosha.

Mke wangu, mnajua, anasuka nywele Kenyatta Market. Jumamosi moja alikuwa amesimama kando ya barabara na wenzake wa saluni, akaona kundi letu linakuja. Akanipungia mkono. Akaita. Nikapita. Alikuwa upande wangu wa kushoto, na kwa kelele za magari sikuona wala kusikia kitu. Wenzake wakamcheka. Jioni akaniuliza, "Baba Neema, leo si uliniona pale nje?"

Wapendwa, hapo ndipo nilipoanguka. Ningesema tu kwamba sikumwona, na ukweli wa macho ungefuata. Badala yake nikamjibu, "Nilikuona. Lakini nilikuwa na watu."

Nilikuwa na watu! Mtu anamwambia mke wake hivyo? Niliona afadhali anidhanie nina maringo kuliko ajue naelekea kuwa kipofu. Ikatokea tena, na tena. Maneno yakaenea sokoni kwamba mzee wake anamwonea haya, ana mwingine huko Karen. Yalifika hata hapa kanisani, msijifanye hamkuyasikia. Yeye akaacha kuniuliza chochote. Alikuwa akiniwekea chakula na kwenda kulala. Nilijua ninampoteza, na bado nikafunga mdomo.

Jumapili moja mchana nikarudi kutoka kukimbia. Nikaingia, nikavua raba, nikaita, "Mama Neema!" Nikaenda jikoni, nikaita. Nikarudi sebuleni, nikaketi kwenye kochi, nikaita mara ya tatu. Sauti ikatoka karibu kabisa nami, kushoto, kwenye kochi hilo hilo.

"Si niko hapa. Nimekuwa hapa tu. Kwani hunioni?"

Nikalia, mimi mwanaume mzima mwenye miguu ya kupanda milima. Nikamwambia, "Sikuoni. Hata siku ile sikukuona." Akanishika uso kwa ile mikono yake inayonukia mafuta ya nywele, akaugeuza mpaka nikampata. Macho yake yalikuwa mekundu. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa nguo, tayari kwenda kwao Bungoma.

"Nilidhani umenichoka," akasema. "Miezi yote hii nilidhani umenichoka."

Mfuko ule aliufungua jioni hiyo hiyo. Sasa baiskeli nimeacha, na sitadanganya, inaniuma. Lakini bado nakimbia. Tunafunga kamba ya kiatu, ncha moja mkononi mwangu, nyingine mkononi mwake, tunazunguka uwanja wa shule. Yeye na leso yake kiunoni ananiambia, "Shimo. Kata kulia. Baba Neema, pole pole, mimi si Mkalenjin wa mbio!" Dawa ananitia mwenyewe, asubuhi na jioni, na daktari anasema jicho la kulia limetulia.

Namshukuru huyo daktari kwa kutonifukuza niliporudi kwake na aibu yangu. Nawashukuru wenzangu wa baiskeli, wanaokuja kutembea nami. Na ninachowaomba ni hiki: msiwaache watu wa nyumbani kwenu wakisie. Watakisia mabaya, na watajilaumu wao.

Mama Neema, nilikukosea mbele za watu, halafu nikakuomba msamaha chumbani. Hiyo haikuwa haki. Wenzako wa saluni wako hapa leo, nimewasikia wakicheka. Basi na wasikie na hili: sikukuonea haya hata siku moja. Nilijionea haya mimi. Simama, mama. Simama wakuone wote.

Huyu ndiye mke wangu.