Mbuzi Watatu wa Jumamosi

Treni ya jioni ilipotoka Makadara, Mzee Ndete alifungua gazeti, ingawa masikio yake yote yalikuwa kwa wanawake wawili mbele yake, waliofahamiana humo humo safarini.

"Jumamosi mchumba wangu alikuwa alete mbuzi watatu wa ntheo," alisema Nthoki, yule kijana. "Kwetu Ukambani, baba akishawapokea, wewe ni mke wa mtu. Jana nilimwomba baba asiwapokee."

"Kwani huyo mchumba alikupiga?" aliuliza Mama Wachira, mtu mzima mwenye kikapu cha sukuma wiki.

"Hajanigusa. Lakini nikipanda treni lazima nimtumie picha ya niliyekaa naye. Kwaya alinitoa. Kwa dada yangu siku hizi siendi."

"Huo ni wivu tu, mami. Asiye na wivu hapendi."

"Basi mama, geuka kidogo nikupige picha nimtumie."

Mama Wachira alijifunika uso kwa leso. "Yangu ya nini? Mtu mwenyewe simjui."

Mzee Ndete naye alisogea dirishani polepole, asije akatokea pembeni mwa picha.

"Sasa baba alisemaje?"

"Alisema, 'Mbuzi tunao.' Mama, nililala kama mtoto."

"Mimi bado nasema alikupenda," alisema Mama Wachira kutoka ndani ya leso.

Treni ikasimama Donholm. Nthoki alicheka, akaitia simu mkobani, akashuka.