Miaka Thelathini na Mmoja Kwenye Kaunta ya Skatingi

Ijumaa tarehe ishirini na nane, saa kumi jioni, Shangazi wa kaunta ya skatingi anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la vifaa vya ujenzi kwa miaka thelathini na mmoja. Uongozi umeniomba niandike maneno matamu. Matamu yapo, lakini nina hasira, na safari hii sitaimeza.

Alianza akiwa mfagiaji wa karakana. Huko ndiko alikojifunza mbao, kwa harufu na kwa uzito, hadi akakabidhiwa kaunta ya zile mbao nyembamba zinazoziba pale ukuta unapokutana na sakafu.

Kwake mteja hakuulizwa rangi kwanza. Aliulizwa nani anapiga deki nyumbani, na kwa ndoo au kwa kitambaa kilichokamuliwa. Bwana mmoja mwenye tai alisema hajui, akaambiwa, "Basi baba, rudi na anayejua." Akarudi na mkewe na mama mkwe. Watu wazima aliwapigisha magoti sakafuni waitazame mbao kwa macho ya mtoto anayetambaa.

Miaka minne iliyopita ghala lilijaa skatingi za unga wa mbao uliogandamizwa, nyeupe, nzuri machoni, ila zikinywa maji zinavimba. Mwalimu mmoja wa zamani alizipenda. Shangazi alimkatalia, kwa kuwa mwalimu yule alisema humwaga ndoo nzima sakafuni. Shangazi alipokwenda kula, meneja mwenyewe akamuuzia mwalimu, tena kwa kitabu cha risiti cha Shangazi. Wiki sita baadaye mwalimu alirudi na kipande kilichofura kama mkate uliolowa, akakiweka kwenye kaunta. Meneja akamwandikia Shangazi barua ya onyo kwa kumpotosha mteja.

Barua hiyo bado imo kwenye faili lake. Ndiyo maana cheti cha utumishi kilichoandaliwa kwa Ijumaa hakina maneno "mwenendo usio na doa", ambayo wastaafu wetu wengine wote wamepewa. Ameomba mara tatu kirekebishwe, akajibiwa kwamba hana shahidi.

Shahidi alikuwepo. Nilikuwa kaunta ya pili nikipanga bawaba, nikaona kila kitu, nikafyata ulimi. Niliogopa kibarua changu kisije kikaota nyasi. Miaka yote minne Shangazi amenijulia hali kila asubuhi, hajanisuta hata siku moja, na hilo linaniuma kuliko matusi.

Jana niliandika maelezo yangu, nikatia sahihi, nikayapeleka kwa mwenye duka. Meneja akitaka kunifukuza, na anifukuze.

Shangazi, asante kwa mikono yako na kwa ukali wako. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasikivu. Ijumaa wakikuletea cheti kile kile, usinyooshe mkono. Kaa kwenye kiti chako, nisimame mimi niseme nilichokiona.