Risala ya Wakulima wa Mfereji wa Chini Siku ya Kupokea Kifaa cha Pili

Mgeni rasmi, viongozi ulioongozana nao, na wenzetu mliokaa juani kwa kuwa turubai halikutosha:

UKARIBISHO
Karibu sana. Tumefagia, tumeazima viti shuleni, na gari lako tumeliwekea kivuli. Utuwie radhi hatukukupokea kwa nyimbo, makoo yamekauka.

HISTORIA
Misimu mitatu iliyopita ofisi yako ilitukabidhi kifaa kinachopima mwanga unaorudi kutoka kwenye majani, pamoja na ule ambao jicho la mtu haliuoni. Mmea ukianza kuteswa na kiu au joto, mwanga huo hubadilika siku nyingi kabla jani halijajikunja. Picha yake ikitoka kijani ni salama. Ikitoka nyekundu ni hatari. Mkulima mwenzetu, ambaye pia ni fundi cherehani, alipelekwa mafunzoni kwa sababu mkono wake hautetemeki. Aliporudi tukamtania kwa jina la Mpiga Ramli, naye akacheka kuliko sisi.

MAFANIKIO
Msimu wa kwanza mfereji ulikuwa na maji. Alituonyesha kona ya nyanya yenye kiu, tukaifungulia maji papo hapo, tukavuna. Tulimbeba juujuu. Tangu hapo kifaa hakijakosea hata mara moja. Hayo ndiyo mafanikio yetu, na ndiyo yanayotumaliza.

CHANGAMOTO
Msimu uliofuata lango la juu la mfereji lilifungwa, maji yakaelekezwa kwenye mashamba makubwa. Kifaa kikabaki kwetu. Msimu huu Mpiga Ramli alipima shamba la dada yake. Mahindi yalifika kiunoni, mabichi, yanapendeza. Picha ikatoka nyekundu tupu.

"Dada, yana kiu. Tusipoyanywesha hayabebi."

"Haya haya ninayoyaona? Mdogo wangu, umeingiwa na kijicho?"

"Heri ningekuwa nacho."

Dada mtu na mumewe walichimba ndani ya mfereji mkavu mpaka jembe likagonga mwamba. Walichopata ni tope la kujaza sufuria. Mahindi yakafa kama picha ilivyosema. Shemeji akaondoka kutafuta kibarua, na mpaka leo hajarudi. Mpiga Ramli alipokwenda kumpa pole dada yake, mlango haukufunguliwa. Sauti tu ilitoka ndani:

"Ungeniacha niyafurahie yalipokuwa mabichi. Hata hilo ulininyang'anya."

Siku hizi akionekana anakuja na kifaa, watu hujifanya hawapo nyumbani. Cherehani yake nayo imenyamaza. Nani ampelekee nguo? Hata hapa amekaa benchi la nyuma, peke yake.

MAOMBI
Tumesikia kifaa ulichotuletea leo huruka, na hupima bonde zima kwa asubuhi moja. Ahsante. Aliyepangiwa kukirusha ni yeye huyo, na ametuomba tusome maneno yake kama yalivyo: "Nitaliona bonde zima linakufa, halafu nikamwambie nani?"

Mheshimiwa, swali hilo hatukuweza kulijibu, tumekuletea wewe.

Tunaomba lango la juu lifunguliwe, hata kwa zamu, hata usiku tu. Ikishindikana, kifaa hiki kipelekwe kwa wenye maji, wao kitawafaa. Sisi tuachwe tuamke siku moja tukute majani yamejikunja, tulie mara moja, si mara mbili.

Mungu akufikishe salama, na watu wa nyumbani kwako wasilale na kiu.

Ni sisi,
Umoja wa Wakulima wa Mfereji wa Chini.