Tangazo la Nne

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, salamu zenu. Mlioniona nikitetemeka wakati wa wimbo, si baridi. Malindi hii leo ina baridi gani? Ni kwamba sijazoea kusimama mbele ya watu wa matawi yote. Kule kwetu Kilifi nilikuwa nasimama, lakini kwa kusoma matangazo tu. Na ni hayo matangazo ninayotaka kuwaeleza.

Mimi niliishia darasa la saba. Nafanya kazi ya udobi katika hoteli moja ya Bofa, kufua mashuka na kupiga pasi mashati ya wageni. Tawi letu ni dogo. Tunakutana katika darasa la chekechea, tunakalia viti vya watoto mpaka magoti yanafika kidevuni. Mnajua tulivyo: Mkristo yumo, Mwislamu yumo, anayewatambikia wazee wake kwa tembo la mnazi yumo, na hakuna anayeambiwa aache kitu mlangoni. Mlezi wetu ni mwalimu mstaafu, mwanamke wa Mambrui. Yeye ndiye aliyenipa kazi ya kusoma matangazo. Alisema, "Wewe sauti yako ndogo. Watu watanyamaza wapate kukusikia."

Basi kila wiki nikawa nakusanya habari na kuziandika kwa nambari kwenye karatasi. Mazoezi ya kwaya. Siku ya kupanda mikoko. Mazungumzo ya Alhamisi, kama mtu mwenye shaka anaweza kuomba. Mnacheka, lakini mazungumzo yale yalijaza darasa kuliko mahubiri.

Tuna desturi moja ambayo matawi mengine hamna. Mtu akiwa na hofu nyumbani kwake, hofu ya ugonjwa au hofu ya watu, anapeleka jina kwa msomaji wa matangazo. Likishasomwa, Jumamosi tunakwenda. Hatuhubiri wala hatuombi kwa sauti. Tunakaa naye uani tangu asubuhi mpaka alasiri, majirani waone kwamba ana watu.

Baba yangu alikuwa akiishi bara, peke yake tangu mama alipofariki. Kichwa chake kilikuwa cheupe pe. Nanyi mnajua jinsi mvi zinavyoweza kumponza mzee huku kwetu. Ng'ombe wa mtu akifa, mtoto akishikwa na degedege, kinatafutwa kichwa cheupe. Kwa baba ilianza na shamba. Alikataa kuliuza, na baada ya hapo ndipo watoto wa ndugu zake walipokumbuka kwamba yeye ni mchawi.

Siku moja alikuja kwangu amepaka kanta, ile dawa nyeusi ya nywele. Jasho lilikuwa limeichuruza mpaka kwenye kola ya shati.

"Mayo," akaniambia. Aliniita hivyo, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mamake. "Mayo, nitazame. Si nimekuwa bwana harusi?"

"Bwana harusi gani ana kola nyeusi? Lete hilo shati nilifue."

"Liache. Nikirudi nalo likiwa jeupe, watasema limetakata kwa uchawi."

Tukacheka. Kisha yeye akaacha kucheka kabla yangu. Akasema, "Wale watu wako wanaokaa na watu. Waambie waje kwangu. Mtu mwenye wageni wengi haguswi haraka."

"Nitawaambia, baba."

"Utawasomea lini?"

"Jumapili hii."

Nikaliandika. Lilikuwa tangazo la nne.

Jumapili hiyo, ndugu zangu, walikuja wageni. Walikuwa wazazi wa kijana aliyetaka kumwoa binti yangu. Posa ilikuwa haijaletwa. Walikuja kututazama tu, waone hao watu wa imani mchanganyiko wakoje. Wakaketi mbele, kwenye vile viti vidogo, kwa adabu zao zote. Nikasoma la kwanza. Nikasoma la pili, na la tatu. Nikafika hapa: "Baba yangu mzazi anasingiziwa uchawi, anaomba tukakae naye." Nikainua macho, nikamwona mama wa yule kijana ananitazama kwa upole, anangoja. Nikawaza, watasema binti anatoka katika ukoo wa wachawi.

Nikasoma la tano. Tutafyeka kiwanja, kila mtu aje na panga lake.

Hakuna aliyehesabu. Hakuna aliyeuliza la nne limekwenda wapi.

Jumamosi ilipofika, baba alinipigia simu. Alikuwa ameazima viti kwa jirani yake, bibi mmoja mjane, akavipanga uani tangu asubuhi, akachemsha mihogo sufuria nzima. Majirani walimwona akivipanga. Nao waliona havikukaliwa.

"Mayo, watu wako wamepotea njia?"

"Wamepata msiba, baba." Hakukuwa na msiba wowote.

"Poleni. Basi nitaviacha vivi hivi. Waje Jumamosi ijayo."

Sikumjibu. Akangoja kidogo, nikamsikia akipumua, kisha simu ikakatika. Jumatatu asubuhi, akienda shambani kwake, walimvizia njiani wakamkata. Alikufa kabla hajafikishwa hospitalini. Walioulizwa wote walisema hawakuona kitu.

Tawi letu lilikuja mazishini, karibu wote. Mmoja mmoja walinishika mikono wakaniambia, "Laiti tungalijua, dada. Tungalikuja." Nami nikawaambia ahsanteni. Nawaambia, katika yote, neno hilo la ahsanteni ndilo lililonitafuna zaidi.

Niliendelea kusoma. Lakini kila nikifika la tatu nilimsikia baba akipumua kwenye simu, anangoja. Nikaanza kuandika matangazo matatu tu. Yakizidi, nayabana mawili katika moja. Watu wakauliza, mbona tawi limepungukiwa na shughuli? Kazini kila kola nyeupe niliiona ina weusi. Nafua, nasuuza, nafua tena, mpaka msimamizi akaniuliza kama sabuni yake naogea. Mwishowe nikamrudishia mlezi karatasi zake, nikaacha kwenda.

Mlezi hakuniacha. Kila wiki alikuja, na akinikuta nimesimama mlangoni ananiambia:

"Mbona waning'inia mlangoni kama pazia? Nikaribishe au nifukuze, nijue moja."

Anaingia na mahamri yake, anaketi, hafunui jambo. Akishakunywa chai anavaa miwani na kunisomea matangazo ya wiki, mimi peke yangu, kama kwamba ndimi mkutano mzima. Nilimchukia. Nilitamani aniulize, na nilijua akiuliza nitasema uongo.

Ijumaa moja, miezi mingi baadaye, simu ikalia. Alikuwa yule bibi mjane, jirani wa marehemu.

"Mwanangu, sasa wamehamia kwangu. Mbuzi wa mtu amekufa, nami ndiye niliyebaki na mvi. Nataka kukuuliza. Wale watu aliokuwa akiwangoja babako, wako kweli, au alikuwa akijifariji tu?"

Nikamwambia, "Wako, mama."

"Basi mbona hawakuja?"

Na hapo nikaona kwamba nikinyamaza tena, huyu naye atakufa. Na kama nitawaomba watu waende kwake, watakwenda, na wakifika watasikia kwake habari ya vile viti. Hapakuwa na njia ya kumwokoa yule bibi bila kujianika mimi.

Jumapili nikaenda. Nikamwomba mlezi karatasi, akanipa. Nikasoma la bibi kwanza, nisije nikaangua kilio kabla sijalisoma. Kisha nikasema, "Kuna jingine ambalo sikulisoma zamani." Nikawaeleza yote kama nilivyowaeleza ninyi hapa, hata uongo wa msiba. Binti yangu, aliyekuwa ameshaolewa na yule kijana, alikuwa amekaa dirishani. Naye alikuwa hajui.

Bwana mmoja tuliyeheshimiana naye sana aliinuka akatoka. Mpaka leo hanisemeshi, na sina lawama naye.

Aliyeinuka baada yake alikuwa mama wa yule kijana. Kumbe walikuwa wameendelea kuja wakati mimi nimejifungia. Akasema, "Mkwe wangu, babu yetu sisi alifukuzwa kwao kwa maneno hayo hayo. Ungalisoma, mimi ningalikuwa wa kwanza kwenda."

Ndugu zangu, heri angalinitemea mate. Nilikuwa nimelinda posa ambayo haikuwa na hatari yoyote. Aliyekuwa hatarini ni baba.

Mlezi akatupa muda wa kulia. Kisha akasema, "Haya. Jumamosi tunahitaji pikipiki ngapi?"

Tulikwenda. Tukakaa uani kwa yule bibi, wenye kanzu na wenye misalaba, tukamenya mihogo yake mpaka akalalamika, "Nyinyi mmekuja kunilinda au kunimaliza?" Saa sita hivi, mmoja wa wale watoto wa ndugu za baba akapita njiani. Akasimama, akatutazama, akatusalimu. Nikaitikia salamu yake. Mikono yangu niliikalia. Jumamosi iliyofuata tukarudi, na tangu hapo tunakwenda kwa zamu. Yule bibi yuko hai.

Sitawadanganya kwamba nimepona. Baba bado ananipigia. Nikiwa napiga pasi, au nikiwa njiani, namsikia akipumua, anangoja jibu. Tofauti ni kwamba sasa namjibu kweli. Namwambia, sikuwasomea, baba. Haniambii kitu. Lakini naweza kusimama, naweza kula, na naweza kusoma mpaka mwisho wa karatasi.

Namshukuru mlezi wetu aliyekula mahamri yake peke yake nyumbani kwangu wiki hizo zote. Namshukuru mkwe wangu kwa neno lake, ingawa lilinikata. Namshukuru binti yangu. Hakuja kwangu muda mrefu baada ya siku ile, kisha akaja, akanisaidia kukunja nguo. Na yule bwana aliyetoka namshukuru pia, kwa kuwa hakujifanya amenisamehe.

Nililojifunza ni dogo. Aibu hukuonyesha nyuso za watu na kukwambia wanachowaza, na haijui. Mimi niliiamini kuliko nilivyowaamini watu niliokaa nao miaka.

Mlezi amenipa ruhusa niwaombe jambo moja. Kuanzia Jumamosi hii, matawi yote yaliyo hapa, ya Mariakani, ya Kikambala, na nyinyi wenyeji wa Malindi, yaanze kukaa na wazee wenye hofu. Karatasi ninayo hapa na haijaandikwa kitu. Mwenye mzee, aje anitajie jina sasa, kabla ya chakula. Najua huenda aliyekaa pembeni yako ni mkweo, au ni yule unayemheshimu. Njoo hivyo hivyo anakutazama. Mimi sishuki hapa mpaka aje wa kwanza.