Zawadi ya Jenerali

Mama Jenerali: Haloo! Nani huyo anayehema sikioni mwangu?

Mjomba: Dada, ni mimi. Shikamoo.

Mama Jenerali: Marahaba. Mimi nani? Namba siijui.

Mjomba: Mdogo wako, fundi umeme! Hii simu ya muuza samani. Yangu iko mfuko wa nyuma, siifikii.

Mama Jenerali: Mfuko wako mwenyewe huufikii? Umevunjika mkono?

Mjomba: Mkono mzima. Nimekaa tu.

Mama Jenerali: Basi simama.

Mjomba: Hapo ndipo penye kazi. [Simu inakwaruza] Sikia, si kesho Jenerali wako anatimiza miaka kumi na sita? Nikasema mwaka huu mpwa wangu simpelekei mdoli—

Mama Jenerali: Afadhali. Anayo saba. Aliniamuru niipange dirishani ikiangalia nje. Hataki hata kuonana nayo uso kwa uso.

Mjomba: Na blanketi pia nikasema hapana.

Mama Jenerali: Blanketi tisa! Kila anayekuja, blanketi. Mtu akituona tumeanika atadhani tumefungua wodi.

Mjomba: Ndiyo hivyo. Sasa nikawaza: mtoto miguu haimbebi, shingo inachoka, kutwa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Si apate kiti cha raha? Kile cha kuning'inia, umbo la yai, unakaa ndani unabembea—

Mama Jenerali: Atakaaje humo bila mkanda?

Mjomba: Hilo ndilo nililomwambia muuzaji. Akasema mkanda upo. Nikasema nitaujuaje kama ni imara? Akasema jaribu wewe. Nika... [Simu inakatika] Haloo? ...nje, mguu mmoja... ukutani...

Mama Jenerali: Unakatika! Rudi palipo na mtandao!

Mjomba: Siwezi kurudi, kiti chenyewe kinazunguka. Nikielekea mlangoni nakusikia, nikielekea ukutani unapotea. Wewe, kijana, shika hapo! Shika yai! Haya. Unanisikia?

Mama Jenerali: Mdogo wangu. Umekwama ndani ya yai?

Mjomba: Nisikudanganye dada. Nimekwama. Mkanda umekataa kufunguka, na magoti yangu yako karibu na masikio.

Mama Jenerali: [Kicheko kirefu]

Mjomba: Cheka ukimaliza uniambie. Wameenda kutafuta spana.

Mama Jenerali: Na hilo tumbo lako...

Mjomba: Tumbo liache. Tumbo halimhusu mtu. Tatizo ni watu, wamejaa hapa kama kwenye sarakasi. Kuna mama mmoja kaja na maji. Unajua kamuuliza nani kama nina kiu? Muuzaji! "Huyu anakunywa ya baridi au ya moto?" Na mimi niko hapo hapo, mdomo ninao!

Mama Jenerali: Muuzaji akasemaje?

Mjomba: Ya moto! Anajuaje? Tumekutana leo! Nikanyweshwa, dada, mengine yakaingia kwenye shati. Mzee mwingine kanipapasa kichwa, "pole, pole, Mungu yupo". Halafu wakaanza kubishana juu ya kichwa changu: asogezwe dirishani, hapana jua litamchoma, huyu hata jua halisikii... Kuna mdada kanipa pipi. Mimi! Fundi mwenye leseni, baba wa watoto watatu! Kaimenya, kaniwekea mdomoni. Dada? Bado uko?

Mama Jenerali: Nipo.

Mjomba: Mbona hucheki tena?

Mama Jenerali: Uliila?

Mjomba: Nini?

Mama Jenerali: Pipi.

Mjomba: ...Niliila. Angejisikia vibaya.

Mama Jenerali: Na Jenerali naye huila. Pipi hazipendi, zinamkwama kooni. Huila mpaka mtu aondoke, halafu ananitolea ulimi niifute.

Mjomba: Dada.

Mama Jenerali: Sema.

Mjomba: Tulishamuuliza?

Mama Jenerali: Nani?

Mjomba: Jenerali. Anataka zawadi gani.

Mama Jenerali: [Kimya]

Mjomba: Haloo? Kijana, si nilikwambia ushike yai!

Mama Jenerali: Hujazunguka. Nipo.

Mjomba: Kumbe ni wewe umenyamaza.

Mama Jenerali: Mimi ni mama yake. Namwogesha, namvisha, namlisha miaka kumi na sita. Akipepesa kope najua ni njaa au ni mbu. Nimuulize nini?

Mjomba: Sijasema kitu kibaya—

Mama Jenerali: Kusoma kumemshinda, hilo linajulikana. Maneno yanamtoka moja moja, na siku nyingine hayatoki kabisa. Ukimuuliza unasubiri mpaka wali unaungua.

Mjomba: Mimi leo nina nafasi, dada. Niko ndani ya yai.

Mama Jenerali: [Anacheka kwa pua] Haya. Yuko chumbani kwake na redio. Ngoja nipite pazia... Jenerali, mjomba wako huyu, naweka spika.

Jenerali: Ma... ma!

Mama Jenerali: Nini? Nimeingia tu. Ulikuwa unajitazama kwenye kioo, kuna ubaya gani? Ongea na mjomba.

Mjomba: Jenerali! Mjomba anapiga saluti, ila mkono haufiki kichwani!

Jenerali: [Anacheka]

Mjomba: Mpwa wangu, kesho siku yako. Unataka nikuletee nini? Sema wewe. Nasubiri.

Jenerali: Ke...

Mama Jenerali: Keki. Keki ipo binti yangu, nimeshaagiza.

Jenerali: Ke... nge...

Mama Jenerali: Anasema kingine. Kama blanketi—

Mjomba: Dada, usimmalizie.

Mama Jenerali: Namsaidia.

Mjomba: Hata yule wa maji ya moto alikuwa anasaidia. Mwache.

[Simu inakwaruza]

Jenerali: Ke... nge... le.

Mama Jenerali: Kengele? Ya baiskeli? Tuifunge kwenye kiti chako?

Jenerali: M... lango.

Mjomba: Jamani spana, subirini! Msinifungue! Kuna mtu anaongea! Endelea Jenerali. Kengele ya mlangoni. Mlango gani?

Jenerali: Wa... ngu.

Mama Jenerali: Wewe huna mlango mwanangu, una pazia. Tuliung'oa mlango ili kiti kipite.

Jenerali: Pa... zia. Ke... ngele.

Mama Jenerali: Kengele kwenye pazia! Umesikia mdogo wangu? Watu wasimame mbele ya kitambaa wabonyeze kengele, ngriiing, na miguu yao inaonekana kwa chini!

Mjomba: Ndicho unachotaka, Jenerali? Wapige kwanza ndipo waingie?

Jenerali: Ndi... yo.

Mama Jenerali: Wageni?

Jenerali: Wo... te.

Mama Jenerali: Na mimi?

Jenerali: [Anacheka] We... we. Kwa... nza.

Mama Jenerali: Mimi! Nikupigie kengele mimi! Na nikipiga usipoitika?

Mjomba: Anasema nini?

Mama Jenerali: Anatafuta neno. Tulia.

Jenerali: U... si... i... ngi... e.

Mjomba: Dada?

Mama Jenerali: Kasema nisiingie.

Mjomba: Nimesikia.

Mama Jenerali: Neno refu hivyo hajawahi kulisema mwaka huu wote. Na kaniambia mimi.

Mjomba: Wa kwangu ana kumi na minne tu, na mlangoni kaandika "hatari, umeme". Ndio umri, dada.

Mama Jenerali: Ndio umri. [Anapenga kamasi] Sasa kengele ya pazia inafungwaje, wewe mwenye leseni?

Mjomba: Kazi ya saa moja. Swichi ukutani kwa nje, kengele ndani. Upande wake naweka kitufe kipana kama kisahani cha chai, pale mkono wake wa kushoto unapofika. Akibonyeza, nje inawaka taa ya kijani. Ingia.

Mama Jenerali: Asipotaka?

Mjomba: Naongeza nyekundu.

Mama Jenerali: Kama ofisi ya waziri.

Mjomba: Jenerali ni mkubwa kuliko waziri. Kesho asubuhi niko hapo, kama yai litanitoa. Muuzaji anasema salio lake linaisha, dada, anataka simu yake.

Mama Jenerali: Mwambie avumilie, si ndiye aliyekufunga? Mdogo wangu... hiyo kengele.

Mjomba: Eeh?

Mama Jenerali: Isiwe na sauti kali sana. Nisije nikaogopa kuipiga.

Mjomba: Utaizoea. Na akianguka au akipaliwa utaingia, taa iwe ya rangi yoyote. Hilo tutamwambia.

Jenerali: Ma... ma. Si... mu.

Mama Jenerali: Unataka kuishika? Haya, naiweka mapajani. Sema na mjomba.

Jenerali: To... ka.

Mama Jenerali: Nitoke? Lakini kengele bado haijafungwa!

Jenerali: To... ka.

Mama Jenerali: Haya. Haya, natoka. Naenda kutazama wali. Nimeshatoka. Niko nje ya pazia.

Mjomba: Miguu yake inaonekana?

Jenerali: [Anacheka] Ndi... yo.

Mjomba: Dada, sogea! ... Haya Jenerali, tumebaki wawili. Mimi na wewe na watu kumi na tano wa dukani. Ulitaka kuniambia nini? Taratibu. Sina pa kwenda.

Jenerali: Ta... a.

Mjomba: Taa. Ndiyo.

Jenerali: Nye... kundu.

Mjomba: Naam, nyekundu. Ina nini?

Jenerali: Ku... bwa.

Mjomba: Kubwa! Kubwa kiasi gani, mpwa wangu? Harakisha— hapana, usiharakishe. Kubwa kama nini?

Jenerali: Ya...

Mjomba: Ya?

Jenerali: Ya lo... ri.

Mjomba: Ya lori! Nitaipata! Nitaing'oa kwenye lori lolote, Jenerali, wallahi hata kama—

[Salio limekwisha]